Mtani Aliyeiga Vizuri Mno

Kazi yangu ni kuwafundisha waigizaji wa filamu kusema kama watu. Nikitaka kuieleza kwa adabu husema mimi ni mwalimu wa lafudhi, na majirani huitikia "aa" ya heshima, kisha wiki ileile wananiuliza kama nimeshapata kazi. Siwalaumu. Hata watengeneza filamu wenyewe hunikumbuka wakati kamera zimeshashushwa, kama mpishi anayekumbuka chumvi baada ya kupakua.

Nimezaliwa Tabora mjini, mtaa wa Chemchem. Ujana wangu niliumalizia Dar es Salaam nikiigiza michezo ya redio. Redioni hakuna uso wa kukusaidia. Sauti ikidanganya, msikilizaji anazima redio anaendelea na shughuli zake. Filamu zilipoanza kutafuta mandhari ya bara, nikawaona waigizaji wenzangu wakivaa kaniki na kujifanya Wanyamwezi, na kilichotoka midomoni mwao kilinitia hasira ambayo haijaisha mpaka leo. Walipachika L kila palipo na R, wakapaza sauti, wakaburuta maneno kana kwamba mtu wa bara hufikiri kwa mkokoteni wa ng'ombe. Watazamaji walicheka. Sisi wa Tabora tulicheka nao, maana ukikataa kucheka unaambiwa una roho ndogo.

Basi niliporudi nyumbani kuwatunza wazazi, nikajitengenezea njia yangu ya kazi. Sifundishi lafudhi ya kabila, maana kabila halina koo la kusemea. Kila mwigizaji ninampa mtu mmoja aliye hai, na huyo ndiye mtu wake. Anakwenda kushinda naye, kutwanga naye, kuchambua mboga naye, kuchoka naye. Sauti ya mtu hutengenezwa na alichofanya maishani. Aliyepuliza moto wa kuni tangu utoto hakati maneno kama aliyekaa dukani akipima sukari. Tunaanza na pumzi: anavuta wapi, inaishia wapi, ananyamaza kabla ya neno gani. Maneno huja baadaye, na mara nyingi huja yenyewe. Mwigizaji mmoja aliyekuja kucheza nafasi ya mpagazi nilimpeleka Tura, akashinda na mbeba magunia wa pale stesheni, akibeba naye kila treni iliposimama. Mwanzoni alilalamika kwamba namtesa. Baadaye sentensi zake zikawa fupi zenyewe, nikaacha kumsahihisha.

Filamu ninayoikumbuka kuliko zote, na ambayo ningependa kuisahau, ilihusu njia ya zamani ya misafara. Mume anachukuliwa kubeba pembe kwenda pwani, mkewe anabaki kijijini, anazeeka akimsubiri. Karibu filamu nzima ni mama huyo akisema na mtu asiyekuwepo. Aliyepewa nafasi hiyo alikuwa Mzaramo kutoka upande wa Kisarawe, mwanamke wa makamo mwenye sikio kali kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye. Nilimsikiliza asubuhi moja tu nikajua sitampa mtu wa hivihivi. Nikampa mama yangu.

Mama alizaliwa kijijini, upande wa Kaliua, na Kiswahili alikipata ukubwani alipoolewa mjini. Baba ni mtu wa mjini hasa, fundi cherehani mtoto wa fundi cherehani, aliyeshona kanzu za nusu ya msikiti wetu mpaka presha ya macho ilipomtia gizani. Tangu hapo baba aliishi ndani ya sauti ya mama. Sisemi hivyo kwa kupamba. Fimbo hakuitaka, na kushikwa mkono alisema ni mambo ya wagonjwa. Mama alikaa jikoni au uani akimenya karanga, akamwongoza kwa mdomo. "Mzee, njoo. Kushoto kidogo. Ndoo hiyo, ipite. Haya, nyoosha." Alisema hivyo kutwa nzima bila kupandisha sauti, kwa mwendo wake wa Kinyamwezi unaopanda na kushuka, na baba alikwenda msalani, akarudi, akatoka kibarazani, bila kugusa ukuta. Wageni walidhani anaona.

Mwigizaji alipofika kwetu kwa mara ya kwanza alipiga goti mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Mzaramo, mama."

"Basi futa hiyo shikamoo," mama alisema. "Huyu mtani wangu. Mleteeni kinu."

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi zile babu zetu walipokuwa wakifika pwani na mizigo vichwani. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kitoweo mezani, na huruhusiwi kukasirika. Mama alimwambia Wazaramo wanajua ngoma tu, mchi kwao ni mgeni. Mwenzake akajibu kwamba ndiyo maana Wanyamwezi wote wana shingo fupi, mizigo ya watu imezididimiza mabegani. Baba alicheka kibarazani mpaka akakohoa. Nyumba yetu ilikuwa haijapata kicheko cha namna hiyo kwa muda mrefu, nami nilifurahi, nasema wazi.

Kila siku walipokuwa hawapigi picha, alishinda kwa mama. Alitwanga, akapepeta, akala michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga akaisifia uongo. Niliwarekodi kwa simu. Jioni tulikaa gesti walikofikia watu wa filamu, tukisikiliza na kurudia. Alijifunza jinsi mama anavyoanza sentensi kwa kuguna kidogo, jinsi anavyomalizia chini, kama mtu anayeweka mtungi. Muda si mrefu nilikuwa nikifumba macho nashindwa kujua yupi ni yupi. Kwa mwalimu, hakuna raha inayozidi hiyo.

Jioni moja nikamkatiza. "Unakata pumzi mapema," nilimwambia. "Mama anafika mpaka mwisho."

"Alikuwa anafika, mwalimu. Sasa hafiki."

Nilitaka kumgombeza. Badala yake nikachukua simu, nikaweka rekodi ya mwanzo, halafu ya jana yake. Katika ya mwanzo mama alisema "Mzee, njoo, kushoto kidogo" kwa pumzi moja. Katika ya jana alisimama baada ya "njoo," akavuta hewa, kisha akaendelea. Kituo kilikuwa kidogo hivi kwamba mtu wa kawaida asingekijali. Mimi kinanilisha, nikakielewa palepale. Nilikuwa nalala chumba cha pili kutoka kwake na sikusikia kitu, kwa sababu sikio likizoea sauti huacha kuisikiliza.

Tulimpeleka hospitali asubuhi. Daktari alimbonyeza miguu, alama za vidole zikabaki pale pale. Akasema moyo umetanuka na umechoka, na maji yameanza kuingia mapafuni. Akatupatia vidonge vya kuyatoa, akaniita pembeni kunieleza yale ambayo daktari humweleza mtoto mkubwa. Mama hakuuliza. Njiani kurudi alisema kitu kimoja tu: "Baba yako atatembeaje?"

Nikamwambia nipo mimi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgeni aliyejitolea kupika asichokijua, akaanza kuzungumzia bei ya mafuta ya kula. Tangu siku hiyo nilijaribu kumwongoza baba ili mama apumzike. "Kushoto, baba," nilisema, na baba alikwenda kushoto akagonga mlango. Maneno yalikuwa yaleyale. Lakini mama alijua kuyatoa wakati mguu wa baba uko hewani, na mimi niliyatoa umeshatua. Baba hakunilaumu. Alisimama tu palepale mpaka mama atoe neno, na mama alilitoa, kwa pumzi yoyote iliyokuwepo.

Alikufa baada ya sala ya alfajiri. Alirudi kujilaza kidogo, na baba akakaa ukingoni mwa kitanda akinyamaza asimwamshe. Nilipoingia na uji jua limeshatoka, baba aliweka kidole mdomoni. "Taratibu," alisema. "Leo amepata usingizi mzuri."

Mama alizikwa siku hiyohiyo. Baba alikwenda makaburini kashikwa mikono na wanaume wawili, akatupa mchanga kwa mkono wake. Watu walimsifu kwa subira. Alikuwa na subira kweli. Naliandika hili ili isije ikadhaniwa kwamba akili yake ilikuwa imeyumba.

Kwetu siku za matanga watani wana kazi yao. Shekhe wa mtaa hageuzi shingo upande wao, lakini hawakatazi. Wakati watu wamekaa mikekani wamejaa maji machoni, mtani huinuka, huvaa nguo ya marehemu, humwiga alivyotembea, alivyokula, alivyogombeza kuku. Anatia chumvi. Kama marehemu alichechemea kidogo, mtani anakwenda karibu kuanguka. Watu wanacheka huku wanalia, na mzigo unashuka. Nimeliona hilo tangu utoto na sikuwahi kujiuliza lina maana gani zaidi ya kufurahisha wafiwa.

Mwongozaji wa filamu alikuwa amempa mwigizaji ruhusa ya kukaa nasi. Siku ya pili, alasiri, wanawake waliojua kabila lake wakaanza kumchokoza. Mbona mtani amekaa kama mfiwa, walisema. Amekula wali wa bure na kazi hataki. Alinitazama. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. Nikamwashiria kwamba ni haki yake, na kweli ilikuwa haki yake.

Akainuka, akajifunga kanga ya mama. Akakaa juu ya kibao pale uani, mikono ikimenya karanga ambazo hazipo. Akaguna kidogo.

"Mzee, njoo," alisema. "Kushoto kidogo."

Kituo kilikuwa mahali pake. Pumzi ile ya mwisho mwisho, nzito, ilikuwa mahali pake. Hakutia chumvi hata punje, kwa sababu mimi nilikuwa nimemtoa tabia hiyo kwa ukali. Wanawake walikuwa wameshafungua midomo ili wacheke, wakabaki hivyohivyo. Shangazi yangu, dada yake baba, akashika kifua.

Kibarazani, upande wa wanaume, baba akaitika. "Naam."

Akasimama. Hakuna aliyemshika, maana kila mtu alikuwa ameduwaa. Akaingia ukumbini, akatokea uani, akageuka kushoto. Wanawake wakakunja miguu kumpisha. Alitembea wima, bila kunyoosha mkono, kama alivyotembea miaka yote ya giza lake, mpaka katikati ya mikeka. Hapo sauti ilikuwa imekatika. Mwigizaji alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga ya mama, macho yamemtoka. Baba akasimama, mguu mmoja mbele, akisubiri.

"Haya, mke wangu," alisema. "Nipite wapi?"

Sitaeleza kelele za wanawake. Wanaume waliingia wakamchukua. Alikwenda nao akiwa amegeuza uso nyuma.

Kuanzia hapo tulianza kumpoteza. Hakupiga kelele wala kuongea ovyo. Nilipokaa naye nikamkumbusha, alinijibu kwa upole: "Najua nilimzika, mwanangu. Mchanga nimetupa mwenyewe. Lakini na kuitwa niliitwa." Hayo mambo mawili aliyashika pamoja, moja kila mkono, na hakuna aliyeweza kumpokonya lolote. Chakula alikionja akakiweka. Alihamishia kiti chake ukumbini, uso umeelekea uani, akawa anasikiliza. Mwanamke yeyote akipita nje akiongea, baba anainua kichwa. Siku moja tulimkosa nyumbani, tukamkuta barabarani peke yake, bodaboda zinamkwepa huku na huku, waendeshaji wakitukana. Alikuwa amemfuata muuza mboga wa kutoka vijijini aliyepita akinadi. Nilimrudisha, akaniambia bila aibu kwamba alijua siye, ila alitaka kuhakikisha.

Alikonda mpaka kanzu zake alizozishona mwenyewe zikawa kama za mtu mwingine. Nilijua ninachokitazama. Tulikuwa tumemzika mmoja na wa pili alikuwa anajiandaa.

Filamu nayo iliendelea. Filamu haisubiri msiba. Mwongozaji alisikia habari za matangani, akanifuata na sura ya kusikitika, kisha akauliza kama tungeweza kulirudia tukio lile, na mzee mwenyewe, wakati wa mwanga mzuri. Nilimwambia neno ambalo sitaliandika hapa, na sijalijutia.

Mwigizaji alikuja na shauri jingine, na hili lilinisumbua zaidi kwa sababu lilitoka moyoni. Alisema yuko tayari kuja kila asubuhi kabla ya kazi, aseme maneno machache, baba anywe uji. "Hatadhurika, mwalimu. Anajua siyo yeye. Anataka kusikia tu." Baba naye alikuwa ameniomba jambo hilohilo: kwamba yule mtani aje, akae pale uani, aseme chochote. Nikawa kati yao. Ningesema ndiyo, baba angekula. Nilipika uji kabisa asubuhi moja nikiwa nimeamua kumwita.

Shangazi ndiye aliyenizuia. Ni mzee wa maneno machache, na machache hayo ni makali. Alinikuta jikoni, nikamweleza.

"Atakuja leo, kesho je?" aliuliza. "Akirudi kwao Dar, kaka yangu atamfuata kwa treni?"

"Shangazi, hali chakula."

"Hali kwa sababu mtani wenu hakufanya kazi. Mtani anaharibu, mwanangu. Anamharibu marehemu mpaka kila mtu aseme, aa, huyu siye, yule wetu amekwenda. Yule hakuharibu kitu. Alimleta mzima mzima akamkalisha kwenye kibao. Sasa nani atamwondoa?"

Nilikaa chini. Miaka yote niliona kutia chumvi kuwa ni uvivu wa waigizaji wabovu. Sikujua kwamba msibani chumvi ndiyo dawa. Na mtoto hawezi kuwa mtani wa mama yake mwenyewe, kwa hiyo mimi sikuwa na la kufanya kwa mdomo wangu. Ilibidi aliyemleta amwondoe.

Arobaini ya mama ilikuwa inakaribia, na arobaini watani hurudi. Nikaenda gesti nikamwambia mwigizaji kwamba tuna somo jipya: nataka amwige mama vibaya.

"Siwezi," alisema. "Nikifungua mdomo anatoka yeye."

"Utaweza. Nitakufundisha."

Nikamfundisha. Yote niliyoyalaani katika kazi yangu niliyaokota chini nikampa. Nilimwambia apachike L kila mahali. Nilimwambia apaze sauti, aburute maneno, atembee kama bata. Pumzi ya mama, ile tuliyoitafuta kwa wiki nyingi, nilimwambia aifanye ya mbwa aliyekimbia. Kila alipojisahau akaisema sentensi vizuri, nilipiga meza. "Umekosea," nilimwambia. "Rudia." Alikuwa analia na mimi nalia, tukiharibu kipande kimoja kimoja, na mhudumu wa gesti akaja kuuliza kama kuna tatizo. Nimefundisha waigizaji wengi. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, wala iliyoniuma kiasi kile.

Siku ya arobaini, baada ya kisomo na chakula, aliinuka bila kuchokozwa. Amejifunga kanga ya mama juu chini, amejaza mto nyuma. Baba alikuwa kwenye kiti chake ukumbini.

"Wee mzee weee," alipayuka. "Njoo kulia! Sio huko, kushoto! Luka ndoo, luka na hiyo nyingine!" Akahema kama mbwa, ulimi nje. Akajikwaa kwenye kibao kwa makusudi, akaanguka na miguu juu. "Kalanga zangu nani kala? Ni wewe mzee, nakuona, usijifanye huoni!"

Mtu mmoja alicheka, halafu wawili, halafu ua mzima. Mimi nilimtazama baba. Aliposikia neno la kwanza aliinua kichwa kama kawaida, mikono ikashika kiti tayari kusimama. Kisha uso wake ukakunjika. Alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kama fundi aliyeletewa kanzu iliyoshonwa ovyo. Halafu akacheka. Alicheka kwa nguvu mpaka mabega yakamtikisika, mpaka kofia ikamwanguka.

"Huyo siye," alisema.

"Siye, kaka," shangazi alijibu.

"Hata kidogo siye."

"Hata kidogo."

"Basi amekufa," baba alisema. Kicheko kikageuka mdomoni mwake, akalia kwa sauti mbele za watu, kilio ambacho hakukitoa makaburini. Shangazi aliwakataza wanaume wasimnyamazishe. Alilia mpaka alasiri, akanawa uso, akaomba chakula. Alikula wali wote tuliomwekea.

Filamu ilimalizika, wakaondoka. Nasikia inasifiwa, hasa yule mama anayesubiri. Nyumbani kwetu haijaoneshwa na haitaoneshwa, na jamaa zangu wameelewa. Mwigizaji hupiga simu kumsalimia baba, anasema kwa sauti yake mwenyewe ya Kisarawe na kumtukana kwa adabu ya utani, na baba humrudishia.

Wiki chache baada ya arobaini, baba aliniita nikae karibu naye kibarazani.

"Yule ulimfundisha wewe," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Basi na wewe unaweza."

Sikumficha. "Naweza."

"Kumzidi yeye?"

"Ni mama yangu, baba. Namzidi."

Alipapasa mshono wa kanzu yake. "Usinifanyie," alisema. "Hata nikikuomba. Nitakuomba, najijua. Usikubali."

Nikamwahidi. Fimbo ameikubali siku hizi, ila mara nyingi anaisahau. Sauti yangu hajaizoea na sasa nadhani hataki kuizoea. Nikimwelekeza anainua mkono, maana yake ninyamaze. Anajifunza nyumba yake upya kwa viganja. Ana alama pajini, ana kovu juu ya jicho. Jirani mmoja aliniuliza kwa nini namwacha mzazi ajigonge kama mbuzi, nikamwambia aende zake.

Masika haya mvua ilimkuta uani anatoka msalani. Ilishuka ghafla, ya mawe, ikipiga bati kwa kishindo hivi kwamba hakuweza kusikia nyumba iko upande gani. Aligeuka huku, akageuka kule. Aligonga pipa la maji, akagonga ukuta kwa paji la uso. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, hatua chache tu kutoka alipo, kwa kuwa nilitoka kumfuata na akausukuma mkono wangu.

"Mwanangu," alisema. Kanzu imemganda mwilini, damu kidogo inachanganyika na maji. "Niite. Mara moja tu. Niite kama yeye."

Sauti ya mama ilikuwa tayari kooni. Naijua mahali inapokaa, haihitaji mazoezi. Ningeguna kidogo, ningesema maneno mawili, na baba angenyooka akatembea wima mpaka mlangoni. Nilijiziba mdomo kwa kanga yangu, nikaibana kwa mikono miwili. Alisubiri. Aliinamisha kichwa upande, akisikiliza chini ya mvua, muda mrefu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejua kwamba nipo. Kisha akanyoosha mikono mbele, akaanza kupapasa ukuta.